Kabla ya kuuliza "niende hospitali gani", jiulize ugonjwa huu unakupa muda gani

#1 Meza_ya_Mbele (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Nimekaa miaka 11 kwenye meza ya kwanza ya idara ya dharura, ile ambayo mgonjwa akiingia tu anakutana na muuguzi anayemshika mkono kuhesabu mapigo na kumuuliza, "Imeanza saa ngapi?" Wengi hukerwa. Wamekuja kueleza maumivu, mimi nawauliza saa. Uzi huu nimeuandika kwa ajili ya swali hilo, kwa sababu naamini mgonjwa angejiuliza mwenyewe akiwa bado nyumbani, mara nyingi angejua pa kwenda bila kuambiwa na mtu.

Nianze na la kwetu. Mdogo wangu akiwa na miaka 14 aliamka alfajiri akilia tumbo. Nilitumwa duka la dawa, nikapewa vidonge vya maumivu. Muuzaji hakuniuliza hata mgonjwa ana umri gani. Adhuhuri akaanza kutapika. Jioni tukampeleka kliniki ya jirani, akaandikiwa dawa za tumbo, tukarudi. Usiku ndipo alipomnong'oneza baba kwamba maumivu hayakuanzia tumboni, yalianzia kwenye korodani. Tulipofika hospitali yenye daktari wa upasuaji, saa 18 zilikuwa zimeshapita. Korodani ikijisokota, mshipa unaoipelekea damu hubanwa, na nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya saa 6 hivi. Yake iliondolewa. Sasa ni mtu mzima, ana watoto wawili, yuko salama. Lakini akiisimulia siku ile haongelei maumivu, anaongelea aibu iliyomfunga mdomo tangu alfajiri mpaka usiku.

Hatukumpuuza. Tulizunguka kutwa nzima tukimtafutia tiba. Tulianzia dukani kwa sababu maumivu yote ya tumbo kwetu yalianzia dukani. Tulifuata mazoea, na ugonjwa haukuwa wa mazoea.

Kwa hiyo mimi magonjwa nayagawa kwa muda. Yapo ya dakika, yapo ya saa, yapo ya siku, na yapo ya miaka.

Ya dakika wengi mnayajua: mtu hapumui vizuri, damu haikomi, fahamu zimepotea, degedege imepita dakika 5, au uso na ulimi vimevimba na pumzi inabana baada ya kuumwa na nyuki au kumeza kitu. Kifua kinachokandamiza kama kimewekewa mzigo, maumivu yakapanda tayani au kushuka mkononi, jasho jembamba likamtoka. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari mshtuko wa moyo unaweza kuja bila maumivu makali: kichefuchefu, pumzi fupi, uchovu wa ghafla usioelezeka. Hapo piga namba ya dharura ya nchi uliko. Mgonjwa asijiendeshe mwenyewe.

Kiharusi nakiweka peke yake kwa sababu ndicho kinachocheleweshwa kuliko vyote. Uso umevutwa upande mmoja, mkono mmoja hauinuki, maneno yanakokota. Watu husema alale kwanza, atakuwa amechoka. Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, kila dakika inayopita bila tiba hupoteza takriban seli za ubongo milioni 1.9. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Na kama ameamka nazo, saa hazihesabiwi tangu alipoamka, zinahesabiwa tangu mara ya mwisho mtu alipomwona mzima. Ndiyo maana nawauliza saa, ndugu zangu.

Tena hapa "hospitali ya karibu" si jibu wakati wote. Dawa hiyo haiwezi kutolewa kabla ya kipimo cha CT, mashine inayopiga picha za ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu, maana kama unavuja inaweza kumuua. Kwa hiyo kiharusi kinataka hospitali yenye CT, hata ikiwa mbele kidogo ya ile ya karibu. Lakini mtu ambaye pumzi inamwishia anataka oksijeni, na oksijeni ya karibu ndiyo bora. Ulizeni leo, mkiwa wazima, hospitali ipi ya karibu ina CT na ina daktari wa upasuaji usiku. Saa nane za usiku si wakati wa kuanza kuuliza.

Kundi linaloniuma zaidi ni la magonjwa ya saa, kwa sababu mgonjwa wake anaonekana mzima. Ameng'atwa na mbwa, jeraha dogo, hana homa. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akaanze chanjo siku hiyohiyo, kwa sababu dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea karibu kila mgonjwa hufa. Aliyebakwa, au aliyejichoma sindano yenye damu ya mtu mwingine, dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa unayoiwahi ni faida. Humezwa siku 28. Aliyemeza parasetamoli nyingi kupita kiasi anaweza kukaa siku nzima akiongea vizuri huku ini linaharibika kimyakimya. Dawa ya kuizuia sumu hiyo ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Mtoto aliyemeza betri ndogo ya duara kama kifungo, umio wake, yaani njia ya chakula, unaweza kuungua ndani ya saa 2, naye bado anacheza. Hawa wote nimewahi kuwapokea wakiwa wamechelewa, na sentensi ya kwanza ya aliyewaleta huwa ni ileile: "Alikuwa haumwi."

Ya siku ni mafua, koo, kuharisha kwa mtu mzima anayekunywa maji vizuri, upele, kukojoa kunakochoma, mgongo uliokaza baada ya kazi. Hayo ni ya mfamasia, au ya kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mgongo nauongezea neno moja: ukiambatana na ganzi sehemu za siri au mkojo usiodhibitika, umehama kundi, ni wa idara ya dharura usiku huohuo.

Ya miaka ni presha, kisukari, pumu, kifafa. Haya hayahitaji jengo kubwa kila mwezi. Yanahitaji mtu mmoja anayekufahamu na faili moja lisilopotea.

Karibuni tuchangie. Mwenye swali aulize, nitajibu kadiri zamu inavyoniruhusu.

#2 Tumaini_Jipya

Mleta uzi, nakuheshimu kwa kazi yako, ila hapo kwenye vituo vidogo sikubaliani nawe. Dada yangu alikohoa. Alikwenda kituo cha karibu mara tatu, mara zote antibayotiki na "kifua kimeshika baridi". Mara ya nne nilimbeba mwenyewe mpaka hospitali kubwa, akakutwa na kifua kikuu. Miezi miwili ilikuwa imepotea, na watoto wake wawili walikuwa wanalala naye chumba kimoja. Mimi sasa nikiumwa naenda kubwa moja kwa moja. Huko kuna vipimo na kuna mabingwa.

#3 Meza_ya_Mbele (mleta uzi)

Mkuu Tumaini, pole sana, na pole kwa dada. Sitakitetea kituo hicho. Kikohozi kikizidi wiki 2 kinapaswa kupimwa kifua kikuu, na kipimo hicho hakihitaji bingwa. Walikosea. Watoto nao natumaini walipimwa. Kama bado, wapelekwe wiki hii, kwa sababu mtoto mdogo akiambukizwa huugua haraka na wapo wanaostahili dawa za kinga hata kama hawajaanza kukohoa.

Umenikumbusha jambo ambalo nilipaswa kuliandika mwanzoni. Ukirudi mara ya pili na tatizo lilelile halijapungua, usipokee dawa nyingine kabla ya kuuliza, "Mnadhani ni nini, na mmekipima vipi?" Mara ya tatu omba barua ya rufaa. Kuomba rufaa si utovu wa adabu. Uzito kupungua bila sababu, damu kwenye choo, uvimbe usioondoka, sauti iliyokwaruza kwa wiki kadhaa, haya hayamalizwi kwa kubadilishiwa vidonge.

Lakini nikueleze upande wa meza yangu. Unapokuja na mafua idara ya dharura, unapangwa kwa uzito wa hali, hupangwi kwa namba uliyofika. Mpango mmoja unaotumika katika nchi nyingi ni ule wa Manchester wenye rangi tano: nyekundu anaonwa papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano dakika 60, kijani dakika 120, bluu hata dakika 240. Mwenye mafua ni kijani au bluu. Atakaa saa nne kwenye benchi akipumua hewa moja na wagonjwa wazito, kisha ataonwa na daktari ambaye hajawahi kumwona na ambaye hatamwona tena. Hatapata bingwa. Bingwa yuko chumba cha upasuaji.

Dada yako hakuponyeshwa na ukubwa wa jengo. Aliponyeshwa na kipimo sahihi, pamoja na wewe uliyekataa kunyamaza. Azimio la Alma-Ata, la mkutano wa kimataifa wa afya wa mwaka 1978, liliiweka huduma ya msingi kuwa mlango wa kwanza wa mfumo wa afya, na mlango ni wa kupitia. Kituo kisichojua kutoa rufaa ni ukuta. Hilo ndilo la kukidai: rufaa kwa wakati.

#4 Mfamasia_Kaunta

Niingie kama mtu wa upande wa pili wa kaunta. Kisa cha mdogo wake mleta uzi kimenigusa sana, kwa sababu maswali manne tu yangetosha: dawa ni ya nani, ana umri gani, imeanza lini, anatumia dawa gani nyingine. Kwa mwanamke naongeza kama ni mjamzito au ananyonyesha. Mtu anayekuuzia dawa bila kuuliza hata moja, muulize wewe kama yeye ni mfamasia. Una haki hiyo.

Mfamasia mzuri utamjua pia kwa kukataa. Nikikwambia "hili sikuuzii dawa, nenda kaonwe", jua nimekusaidia kuliko kukupa pakiti. Mafua husababishwa na virusi na antibayotiki haiviui virusi. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya mwaka 1945 katika hotuba yake ya Nobeli kwamba dozi pungufu ingewafundisha wadudu kuizoea dawa. Leo tunauguza maambukizi ya mkojo yaliyogoma kusikia vidonge vya kawaida, mtu analazwa kwa ajili ya sindano.

Na hilo la magonjwa ya miaka, ngoja niwape kisa. Mama mmoja alikuja kwangu na mfuko wa dawa za presha kutoka hospitali tatu tofauti, maana kila mara alikuwa anakwenda anakosikia ni pazuri. Nilipozimwaga kaunta, mbili zilikuwa dawa moja yenye majina mawili ya kampuni. Alikuwa anakunywa dozi mara mbili kila asubuhi na alikuwa ameshaanguka bafuni mara mbili. Hakuna daktari aliyekosea kati ya wale watatu. Kila mmoja alimwandikia sawasawa kwa alichokijua. Hakukuwa na mtu aliyekijua chote. Tafadhalini, nendeni na dawa zenu zote mkononi kila mnapoonwa, hata za mitishamba. Jina la kusoma ni lile dogo la dawa yenyewe, si lile kubwa la kampuni.

#5 Mama_Wawili

Samahanini kuwakatisha. Mwanangu ana miezi 9, anakohoa tangu juzi, jana homa. Leo ananyonya kidogo halafu anaachia. Nilikuwa napanga kesho asubuhi nimpeleke kliniki yake ya siku zote. Je, hii ni ya siku au ya saa?

#6 Meza_ya_Mbele (mleta uzi)

Mama, asante kwa kuuliza. Mwinue nguo umwone kifua na tumbo akiwa ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Chukua saa, hesabu pumzi kwa dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi chini ya 12, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni kupumua kwa kasi. Chini ya miezi 2 ni 60, na kuanzia mwaka 1 hadi 5 ni 40. Kisha tazama chini ya mbavu: anapovuta pumzi, panabonyea ndani?

Niandikie hapa ulichokiona. Lakini kama kati ya haya kuna hata moja, usiniandikie, ondoka: hawezi kunyonya au kunywa kabisa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, midomo imebadilika rangi.

#7 Mtu_wa_Kawaida

Wakati tunamsubiri Mama Wawili, naomba niongeze lisilotajwa. Kuna ugonjwa wa dakika usiotoa damu. Mtu anaposema hataki kuishi tena na ameshafikiria namna, hiyo ni dharura sawa na kifua. Mimi nilikuwa huyo mtu. Rafiki yangu hakuniambia nisali wala nijikaze. Aliniuliza wazi kama nafikiria kujiua, kisha akakaa nami, akatoa vidonge vyote chumbani, akanipeleka idara ya dharura usiku ule. Nilidhani watanifukuza kwa sababu siumwi popote. Muuguzi wa meza ya mbele, kama wewe, alinipeleka chumba kisicho na kelele na hakuniacha peke yangu.

Kwa huzuni ya wiki kadhaa, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio bila sababu, daktari wa kawaida anaweza kuanzisha tiba na kukupa rufaa kwa mwanasaikolojia. Usisubiri ifike nilipofika mimi.

#8 Meza_ya_Mbele (mleta uzi)

Asante sana, ndugu yangu. Na swali alilokuuliza rafiki yako watu huliogopa wakidhani litampandikizia mtu wazo. Halipandikizi. Mara nyingi linampa mahali pa kutua mzigo.

#9 Bado_Najifunza

Vipi kuhusu daktari wa simu? Mimi ndiyo njia yangu siku hizi, naandika dalili najibiwa dawa.

#10 Mfamasia_Kaunta

Kwa kusomewa majibu ya vipimo, kurudia dawa ya ugonjwa unaojulikana, upele unaoonekana vizuri kwenye picha, au kuuliza kama kuna haja ya kwenda, simu inafaa sana. Tumbo haliwezi kubonyezwa kwenye simu, wala kifua kusikilizwa. Daktari wa simu mwaminifu atakwambia "hapa siwezi, nenda ukaguliwe". Kama hajawahi kukwambia hivyo hata mara moja, mtafute mwingine.

#11 Mama_Wawili

Nimehesabu mara mbili. Ya kwanza 62, ya pili 59. Chini ya mbavu panaingia ndani, na puani panatanuka. Baba yake anasema tusubiri kupambazuke, ni saa tano usiku.

#12 Meza_ya_Mbele (mleta uzi)

Mama, usisubiri. Mwambie baba yake pumzi 59 na kifua kinachobonyea kwa mtoto wa miezi 9 ni za hospitali sasa hivi, na zinaonyesha kifua kimeshambuliwa vibaya, yaweza kuwa nimonia. Nendeni hospitali yenye oksijeni ya watoto. Kliniki ya asubuhi iacheni. Mkipita njiani kituo chenye oksijeni, ingieni hapohapo, watawapeleka mbele wao. Mbebe akiwa wima kifuani, usimlaze chali, usimlazimishe kunyonya njiani, usimpe dawa ya kikohozi. Beba kadi yake ya kliniki. Ukifika mezani usianze na historia ndefu, sema: "Ana miezi 9, anapumua 59, kifua kinabonyea." Kwa maneno hayo hakuna muuguzi atakayekuambia ukae benchi.

#13 Tumaini_Jipya

Mama Wawili, nenda. Tuko nawe.

#14 Bado_Najifunza

Mleta uzi, wakati tunasubiri: homa peke yake kwa mtoto mchanga ni ya kundi gani?

#15 Meza_ya_Mbele (mleta uzi)

Chini ya miezi 3, joto la 38 au zaidi ni la saa, hata kama anaonekana mchangamfu. Mwili wake bado haujui kuonyesha kwamba unaumwa, na maambukizi ya damu kwake huenda kasi. Akaguliwe siku hiyohiyo, usiku au mchana. Kwa mkubwa zaidi hutazami joto pekee, unamtazama yeye: anakunywa, anakojoa, anacheza homa ikishuka? Shingo ikikaza, au vidoa vyekundu visivyofifia ukivikandamiza kwa glasi, ondokeni papo hapo, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo.

Na wajawazito, maana najua mpo mnaosoma kimya: kutokwa na damu, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, mtoto kupunguza kucheza, maji kupasuka. Hayo hayasubiri tarehe ya kliniki. Nendeni panapozalishwa, penye chumba cha upasuaji.

#16 Mama_Wawili

Nawaandikia nikiwa wodini, saa tisa kasoro. Nilisema yale maneno kama ulivyoniandikia, wakamchukua mikononi mwangu kabla sijataja jina lake. Oksijeni kwenye damu yake ilikuwa asilimia 86. Wamemwekea mipira puani, wamempa sindano ya kwanza, sasa inasoma 95 na amelala. Baba yake yupo hapa pembeni, anazihesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi. Sasa hivi ni 44.